Niliacha kazi ili niokoe maisha yangu, sasa naambiwa sina haki ya malipo

BARUA

Shikamoo Mama,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami ningelazimika kukuandikia. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, na ninaishi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako nilifika pamoja na mume wangu karibu miaka miwili iliyopita. Tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitano na mdogo ana miezi kumi na mmoja. Tulikuwa tukiishi Lowell, mji ambao, kama unavyojua, una Wakenya wengi, na nilipata kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Nilifanya kazi hiyo kwa miezi kumi na minne, na sikuwahi kuandikiwa kosa lolote la utendaji wangu.

Yaliyokuwa yakitendeka nyumbani sikuyasema kwa mtu. Mshahara wangu uliingia katika akaunti ambayo kadi yake alikaa nayo mume wangu, nami nilipewa nauli tu. Alianza kwa kunisukuma, kisha kunipiga, na kila alipotulia aliniambia kwamba nikifungua mdomo atawaarifu watu wa uhamiaji nirudishwe Kenya bila watoto. Baadaye alianza kunifuata kazini. Alikuwa akiegesha gari mbele ya lango usiku ninapotoka zamu, na mara mbili alipiga simu ya wodi akidai kwamba nimejificha na mwanamume. Usiku mmoja aliingia hadi sehemu ya mapokezi akipiga kelele, na msimamizi wangu akanionya kwamba jambo hilo likirudiwa itabidi wafikirie upya nafasi yangu.

Wiki tano zilizopita alinikaba shingo mbele ya mtoto mkubwa. Kesho yake, alipotoka, niliwachukua watoto na mkoba mmoja, nikapiga simu ya msaada, na jioni hiyo tukapokewa katika nyumba ya hifadhi iliyo mji mwingine, mbali na Lowell. Wafanyakazi wa hapo waliniambia kwamba nisirudi mahali pangu pa kazi kwa sababu anazijua zamu zangu zote, na kwamba akinifuata kutoka huko atakuja na kuwahatarisha wanawake wengine tunaolala nao. Basi nilimwandikia msimamizi ujumbe mfupi kwamba sitaweza kurudi kwa sababu za kifamilia, na kwamba naomba radhi.

Mfanyakazi wa hifadhi alinisaidia kuomba malipo ya wasio na kazi. Nilipofika mahali panapoulizwa kwa nini niliacha kazi, niliandika tena yale yale, sababu za kifamilia. Niliona haya, Mama. Vilevile binamu ya mume wangu anafanya kazi katika ofisi ya ile nyumba ya wazee, na niliogopa kwamba nikieleza ukweli atausoma. Sasa nimeletewa barua inayosema kwamba nimenyimwa malipo kwa kuwa niliacha kazi kwa hiari yangu bila sababu inayotokana na mwajiri. Barua hiyo ina tarehe ya siku sita zilizopita.

Mzee mmoja wa jamii yetu, ambaye namheshimu, aliniambia kwamba serikali hailipi mtu aliyetupa kazi kwa mkono wake mwenyewe, hivyo niache kujisumbua. Akina mama wawili wa chama chetu wamenionya kwamba nikila pesa za serikali nitaharibu karatasi zangu, nami kadi yangu ya kijani, yaani kibali changu cha ukaazi, ni ile ya miaka miwili, na imebakiza miezi minne tu kumalizika. Kule nyumbani mume wangu amekwisha kumpigia simu mama yangu na kumwambia kwamba nimetoroka na watoto wake, na mjomba wangu ananiletea ujumbe kwamba nirudi kwa sababu ndoa ni kuvumiliana.

Naomba uniambie kama bado kuna njia, au kama nilichokiandika kwa aibu kimekwisha kunifungia mlango.

Mama wa Wawili

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mlango haujafungwa, lakini una siku chache, na ndiyo sababu nilikutumia mistari michache kwa faragha asubuhi ile ile niliyoisoma barua yako, kabla ya kuandika jibu hili refu kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine walio katika hali kama hiyo. Mistari ile ilisema jambo moja tu, kwamba uombe kusikilizwa kwa rufaa yako leo, kabla hujala chakula cha mchana. Massachusetts humpa mtu siku kumi tangu uamuzi ulipotumwa kwake ili aupinge. Nawe ulikuwa umebakiza nne. Msomaji mwingine ambaye siku hizo kumi zimempita asikate tamaa, kwa kuwa ombi linaweza kupokewa hadi siku ya thelathini ikiwa mtu ana sababu nzuri ya kuchelewa, na mwanamke aliyekuwa akihama kutoka kitanda kimoja cha hifadhi hadi kingine na watoto mgongoni ana la kueleza. Hata hivyo, kuomba ndani ya siku kumi ni salama zaidi kuliko kujieleza baadaye.

Sasa nirudi kwenye kiini cha shida yako. Yule mzee hakukudanganya kwa makusudi. Alikueleza kanuni ya jumla, na kanuni hiyo ipo kweli. Bima ya wasio na kazi nchini Marekani ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1935 ili kumsaidia mtu aliyepoteza kazi pasipo kosa lake, nayo huendeshwa na kila jimbo kwa sheria zake. Aliyeacha kazi mwenyewe hunyimwa, isipokuwa aonyeshe sababu ambayo sheria ya jimbo lake inaikubali, na katika majimbo mengi sababu hiyo hutakiwa itokane na mwajiri. Ukatili wa mume si kosa la mwajiri. Kwa miaka mingi wanawake waliokimbia vipigo walinyimwa kwa hoja hiyo hiyo uliyoandikiwa, mpaka majimbo yalipoanza kubadilisha sheria, moja baada ya jingine. Mwaka 2009 serikali ya shirikisho ilitenga dola bilioni 7 kuyavutia majimbo yarekebishe sheria zao za bima hii, na moja ya marekebisho yaliyohesabiwa lilikuwa kumlinda mtu aliyeacha kazi kwa sababu nzito za kifamilia, ukatili wa nyumbani ukiwa miongoni mwake.

Massachusetts ni mojawapo ya majimbo yanayolisema jambo hili waziwazi. Sheria yake ya bima ya wasio na kazi, katika sura ya 151A, inaeleza kwamba mtu hatanyimwa malipo akithibitisha kwamba kuacha kwake kazi kulitokana na ukatili wa nyumbani, kisha inataja hali zenyewe. Nitazitaja kwa sababu nilipozilinganisha na barua yako niliona kwamba karibu zote ni zako. Inataja mtu mwenye hofu yenye msingi ya kudhuriwa kazini, au njiani akienda au akitoka kazini, nawe umeniambia juu ya gari langoni usiku. Inamtaja mtu aliyelazimika kuhamia sehemu nyingine ili kuepuka ukatili, na yule anayehitaji nafasi ya kushughulikia madhara ya mwili, ya nafsi na ya kisheria yaliyompata. Inamtaja hata mtu aliyetakiwa kuacha kazi kama sharti la kupokewa katika nyumba ya hifadhi. Mwisho inaacha nafasi kwa hali nyingine yoyote ambayo ukatili unamfanya mtu aamini, kwa sababu za msingi, kwamba kuacha kazi ni lazima kwa usalama wake au wa jamaa zake. Aliyeandika maneno hayo alikuwa amewasikiliza wanawake kama wewe.

Kwa nini basi ulinyimwa? Ulinyimwa kwa sababu aliyelisoma ombi lako hakuyaona hayo. Aliona maneno matatu, sababu za kifamilia, na maneno hayo yanaweza kumaanisha harusi ya dada, au mtoto aliyekosa wa kumlea, au uchovu tu. Kwa miaka kadhaa nimewakalimania wanawake wetu katika shughuli kama hizi, na naweza kusema kwa uchungu kwamba maneno hayo matatu yamewanyima wengi zaidi kuliko sheria yenyewe. Tumelelewa tusitoe siri ya nyumba nje. Malezi hayo yana heshima yake mahali pake, lakini karatasi ya serikali inayouliza kwa nini uliacha kazi si baraza la majirani, na anayeisoma hana njia nyingine ya kukujua isipokuwa kwa ulichokiandika. Silaumu haya yako. Nakuomba tu usiende nayo kwenye rufaa.

Kwenye rufaa shauri husikilizwa upya. Afisa anayesikiliza hafungwi na yale uliyoandika mwanzo, ingawa bila shaka atakuuliza kwa nini sasa unasema jambo jingine. Mjibu kama ulivyonijibu mimi, kwamba uliona aibu na kwamba jamaa wa mumeo yuko katika ofisi ya mwajiri wako. Hilo si kujipinga. Maafisa hawa huelewa kwamba mtu aliyekabwa shingo wiki hiyo hakuwa katika hali ya kuandika kwa utulivu. Kikao kwa kawaida hufanywa kwa simu, kwa hiyo tafuta chumba tulivu hapo hifadhini na umwombe mfanyakazi mmoja akushikie mtoto. Ikiwa Kiingereza kinakukwama unapoeleza mambo ya uchungu, na hukwama hata kwa wanaokijua vizuri, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. Ni haki yako, na hulipii.

Kuhusu ushahidi, wanawake wengi husema hawana kwa kuwa hawakwenda polisi. Massachusetts haidai karatasi ya polisi peke yake. Kimojawapo kati ya hivi kinaweza kutosha: amri ya mahakama ya kukulinda, kumbukumbu ya polisi, hati kwamba mkosaji alihukumiwa, cheti cha hospitali, maelezo ya mtaalamu aliyekusaidia, au kiapo chako mwenyewe cha maandishi. Mtaalamu huyo anaweza kuwa mshauri, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mhudumu wa afya, kiongozi wa dini, mfanyakazi wa hifadhi au msaidizi wa kisheria. Wewe unao wafanyakazi wa hifadhi waliokupokea jioni ile na waliokuambia usirudi kazini. Mwombe mmoja wao aandike mistari kumi, ikiwa na tarehe mliyofika, hali mliyofika nayo, na agizo kwamba usionekane tena mahali pale pa kazi. Barua hiyo pamoja na kiapo chako ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani.

Kiapo chako kisiwe hadithi ya ndoa yenu yote. Nimeona wanawake wakiandika kurasa nane tangu siku ya posa, na afisa akachoka kabla ya kufika kwenye kazi. Kinachotafutwa ni uzi unaounganisha ukatili na kuacha kazi. Unaweza kuandika kwa namna hii: «Mume wangu alikuwa akinipiga na kushika mshahara wangu. Alizijua zamu zangu, alinisubiri langoni usiku, alipiga simu wodini mara mbili na kuingia mapokezi akipiga kelele, na msimamizi wangu alinionya kwa ajili hiyo. Tarehe fulani alinikaba shingo mbele ya mtoto wangu. Kesho yake nilikimbilia nyumba ya hifadhi katika mji mwingine. Niliambiwa nisirudi kazini kwa sababu angeweza kunifuata kutoka huko. Niliacha kazi kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Katika ombi la kwanza niliandika sababu za kifamilia kwa aibu na hofu.» Weka tarehe halisi kila unapoikumbuka, na usiongeze lolote ambalo hukuliona wala kulisikia. Lile onyo la msimamizi usiliache, ingawa linakutia uchungu, kwa kuwa linathibitisha kwamba mwajiri alijua na kwamba ukatili ulikuwa umekwisha kuingia hadi ndani ya kazi yako.

Umeuliza juu ya binamu wa mumeo. Sheria ya Massachusetts inasema kwamba ushahidi wa ukatili wa nyumbani unaotolewa na mwombaji, pamoja na maelezo yake mwenyewe, hautatolewa na idara bila ridhaa yake. Mwajiri, hata hivyo, ni upande katika shauri na anaweza kualikwa kikaoni. Kwa hiyo piga simu katika idara ya malipo ya wasio na kazi kabla ya siku hiyo, ueleze kwamba shauri lako ni la ukatili wa nyumbani na kwamba kuna jamaa wa mkosaji kwa mwajiri, na uulize karatasi zako zitashughulikiwa vipi. Tena usiende peke yako. Shirika la Northeast Legal Aid hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa watu wa kipato kidogo katika sehemu za Lowell, Lawrence na Lynn, na hata kama hifadhi yako iko nje ya eneo hilo wanaweza kukuelekeza kwa wenzao. Waambie mapema kwamba siku kumi zinakaribia kwisha, maana hilo hubadilisha kasi ya kuhudumiwa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami nitalikazia kwa sababu limewapotezea watu fedha nyingi. Wakati unasubiri rufaa, endelea kuomba malipo kila wiki kana kwamba umekubaliwa. Watu hunyimwa, wakakaa kimya, wakashinda rufaa baada ya wiki kadhaa, kisha wakagundua kwamba wiki walizonyamaza zina matatizo ya kulipwa. Ukiomba kila wiki na ukashinda, hulipwa zile ulizoziomba na kustahili. Kila wiki utaulizwa kama uliweza kufanya kazi, kama ulikuwa tayari kuifanya, na kama ulitafuta kazi. Massachusetts hutaka angalau shughuli tatu za kutafuta kazi kwa wiki, nawe uziandike katika daftari pamoja na tarehe na majina ya mahali ulipoomba. Jibu kila swali kwa ukweli, kwa kuwa malipo yaliyopatikana kwa jibu la uongo hudaiwa kurudishwa. Kutafuta kazi hakuna maana ya kurudi Lowell anakokusubiri. Kazi inayohatarisha usalama au afya yako haihesabiwi kuwa inakufaa. Pia uanze sasa, kwa msaada wa hifadhi, kutafuta nafasi ya kulelewa mtoto mdogo, kwa sababu mtu asiye na pa kumwacha mtoto hupata shida kujibu kwamba yuko tayari kwa kazi.

Malipo yenyewe si makubwa, lakini kwa mtu aliyetoka na mkoba mmoja ni mengi. Jimbo hukadiria wastani wa mshahara wako wa wiki na kukulipa takriban nusu yake, bila kuzidi kiwango cha juu kilichowekwa, kisha huongeza dola 25 kwa kila mtoto unayemtunza. Tuseme wastani wako ulikuwa dola 760 kwa wiki. Nusu yake ni dola 380, na kwa watoto wawili zitaongezwa 50, ziwe 430 kabla ya kodi. Wiki ya kwanza ni ya kusubiri na hailipwi. Fedha hizi hutozwa kodi ya mapato, kwa hiyo ni vyema kuomba kodi ikatwe tangu mwanzo kuliko kudaiwa mwakani. Katika miaka ya karibuni muda wake kwa kawaida umekuwa usiozidi wiki 26.

Wala usiyaite malipo haya kula pesa za serikali. Najua neno hilo linatoka wapi, kwa sababu Kenya hatukukulia kwenye bima ya namna hii, na mtu akipoteza kazi hugeukia ndugu, chama na harambee. Hapa ni bima. Waajiri wa Massachusetts huilipia kwa ajili ya kila mfanyakazi wao, na mwajiri wako aliilipia kwa miezi yote kumi na minne uliyowageuza wazee vitandani usiku wa manane. Unaomba kilichowekwa kwa ajili ya siku kama hii.

Hapo ndipo tunapofika kwenye karatasi zako, na akina mama wa chama wamekutisha bure. Malipo ya wasio na kazi hupatikana kwa kufanya kazi kihalali, na hayahesabiwi kama msaada unaomfanya mtu aonekane mzigo kwa serikali. Zaidi ya hayo, mtu anayeomba kuondolewa masharti ya kadi ya miaka miwili, ili ukaazi wake usiwe wa muda tena, hapimwi kwa kigezo hicho cha mzigo. Jambo ambalo mumeo hataki ulijue ni hili: kwa kawaida mume na mke huomba pamoja kuondolewa masharti hayo, lakini mke aliyeolewa naye kwa nia njema na kisha akapigwa au kutendewa ukatili mkubwa anaweza kuomba peke yake kwa fomu I-751, bila saini ya mume na bila kungoja talaka. Usingoje miezi minne iishe. Wakili wa uhamiaji ni lazima kwa hatua hii, na ushahidi unaoukusanya kwa ajili ya rufaa ya kazi utafaa huko pia. Na kuhusu tishio la kuwapigia simu watu wa uhamiaji, tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani inawakataza maafisa wa uhamiaji kuchukua hatua dhidi ya mhanga kwa kutegemea tu maneno ya mtu aliyemtendea ukatili, na inalinda siri ya maombi yake. Alikutisha kwa fimbo ambayo sheria ilikwisha kumnyang'anya.

Kabla ya fedha ya kwanza kuingia, funga milango aliyokuachia wazi. Fungua akaunti ya benki yenye jina lako peke yako, katika benki tofauti na ile mliyoitumia. Fungua barua pepe mpya. Badilisha nywila na maswali ya siri ya akaunti yako ya malipo, kwa sababu mtu aliyekuwa akishika kadi yako bila shaka anaijua nambari yako ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa. Hakikisha anwani ya Lowell imeondolewa, na uchague kuletewa taarifa kwa njia ya elektroniki au kwa anwani ambayo hifadhi imekubali kutumiwa. Jimbo lina mpango wa kuficha anwani za wahanga, ambao huwapa anwani mbadala ya kutumia katika ofisi za serikali. Waulize wafanyakazi wa hifadhi wakusaidie kujiandikisha. Na kama bado hujaomba amri ya mahakama ya kukulinda chini ya sura ya 209A, sheria iliyopo tangu mwaka 1978, fikiria jambo hilo pamoja na msaidizi wako wa kisheria. Haigharimu kitu kuiomba, inaweza kumzuia asikukaribie wewe wala mahali utakapofanya kazi, na nakala yake ni ushahidi katika rufaa yako.

Kwa wasomaji ambao bado wako kazini na wanayapitia haya, neno fupi. Massachusetts ina sheria inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ampe mhanga wa ukatili likizo ya hadi siku 15 katika miezi 12, kwa ajili ya mahakama, matibabu, ushauri au kutafuta makao. Inaweza kuwa bila mshahara, lakini kazi hulindwa. Mzungumzie mtu wa rasilimali watu kabla ya kuandika ujumbe wa kuacha kazi, ikiwa usalama wako unaruhusu.

Nanyi mlioko majimbo mengine msichukue kila nililoandika kana kwamba ni la kwenu. Jamaa zetu wengi wako Texas, na huko sheria pia inamlinda aliyeacha kazi ili kuepuka ukatili wa kifamilia, lakini haitosheki na kiapo chake peke yake. Hutaka amri ya ulinzi, kumbukumbu ya polisi, hati ya daktari, au maandishi ya kituo cha wahanga, na rufaa ni ndani ya siku 14. Washington inakubali sababu hiyo na inatoa siku 30 za kukata rufaa. Minnesota nayo inaitaja ndani ya sheria yake. Soma tarehe iliyo juu ya barua uliyoletewa kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Asiye na mahali pa kuanzia apige simu ya taifa ya msaada kwa wahanga wa ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, au ile ya Massachusetts iitwayo SafeLink, 1-877-785-2020. Zote hupokea usiku na mchana, na hutafuta wakalimani.

Limebaki la mama yako, mwanangu, nami sikulisahau. Yeye amesikia upande mmoja, tena kutoka kwa mkwe ambaye ni hodari wa maneno. Mpigie kwa nambari mpya isiyoonekana, umwambie kwa sauti yako kwamba wewe na wajukuu wake mko hai na mko salama, na kwamba ulikabwa shingo. Litamke neno hilo hilo, usilipunguze. Usimtajie mji uliopo wala jina la hifadhi. Si kwamba humwamini, ni kwa sababu mjomba wako huketi sebuleni kwake, na simu ya mumeo humfikia mjomba wako. Yule mjomba anayekuhimiza kuvumilia unaweza kumwacha angoje. Rufaa yako haiwezi.